Kulea watoto kama kazi, Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanaotaka kuajiriwa kwenye vituo vya kulelea watoto mchana, vile ambavyo mtaani tunaviita dei kea, na pia na dada wanaolea majumbani. Ninayajibu kama mlezi ambaye pia ninafundisha wanaoanza.

Nimelea wadogo zangu wote nyumbani. Bado nahitaji kujifunza?

Ndiyo, ila unaanzia mbele ya wengine. Aliyewahi kumbeba mtoto mgongoni huku anachota maji ana mikono ambayo darasa haliwezi kumpa.

Tofauti ni kwamba nyumbani una mdogo wako mmoja au wawili, mama yupo jirani, bibi yupo, na mtoto akianguka hakuna anayekudai maelezo ya maandishi. Kituoni una kundi la watoto ambao karibu wote wana umri mmoja, wote wanataka kubebwa saa ileile, na kila mmoja ana mzazi aliye Posta au Kariakoo anayefanya kazi kwa amani kwa sababu anaamini wewe upo. Inabidi ujifunze kugawa macho, kuweka kumbukumbu, kujua mtoto wa umri fulani anatarajiwa kufanya nini, na kutambua jambo lililo nje ya uwezo wako ili uliite la daktari mapema.

Ujuzi gani unatangulia mwingine wote?

Kuangalia. Wengi hutegemea niseme upendo, na kweli bila upendo kazi hii hutaimaliza wiki. Lakini mtu anaweza kumpenda mtoto huku amempa mgongo.

Mtoto wa miezi kumi hawezi kusema sikio linamuuma. Atalivuta sikio, atalia akilazwa upande mmoja, atasukuma chupa aliyokuwa anaikimbilia jana. Mlezi anayeangalia atajua kwamba huyu wa leo si yule wa jana, na atajua kabla homa haijapanda.

Anza mlangoni asubuhi. Chuchumaa uwe kimo cha mtoto, msalimie kwa jina, mguse paji la uso na shingo, tazama macho, midomo, ngozi ya mikono na miguu. Muulize mzazi amelalaje, amekula nini, amepewa dawa yoyote. Ukiona alama, iseme hapohapo kwa adabu: "Mama Ibra, naona hapa kwenye goti pamechubuka, alianguka?" Kisha iandike kwenye daftari kabla mzazi hajaondoka. Kazi yote hiyo ni ya dakika mbili, na imeokoa walezi wengi na lawama za jioni.

Ukiwa chumbani, kaa pale unapouona mlango na watoto wote. Unapombadilisha mmoja pampasi, uso wako uelekee kundi, na mkono mmoja usimwachie aliye juu ya meza. Hesabu watoto kila mnapohama: mkitoka uwanjani, mkitoka chooni, wakiamka. Hesabu kwa majina, maana ukihesabu vichwa unaweza kupata idadi sawa kumbe mtoto wa jirani amechanganyika na wako mmoja yuko nje ya geti.

Simu ikae kwenye droo. Kwa hili sina huruma na mtu.

Nitaongeza jambo moja la jiji letu. Maji hukatika, kwa hiyo kila kituo kina ndoo na mapipa yaliyojaa. Mtoto anayejifunza kusimama huikumbatia ndoo, akainama kuchezea maji, kichwa kikatangulia. Kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake, hivyo hawezi kujitoa, na maji ya sentimita chache yanatosha kumzamisha. Hatapiga kelele, atazama kimya wakati wewe uko chumba cha pili. Ndoo zifunikwe, zikae juu, na mlango wa bafuni uwe na komeo lisilofikiwa na mtoto.

Vyeti gani vinahitajika?

Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na usimamizi wake uko kwa maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, chini ya wizara inayohusika na maendeleo ya jamii. Kabla hujaomba kazi, uliza kama kituo kimesajiliwa. Kama hakijasajiliwa, ikitokea ajali utabaki peke yako.

Wewe binafsi utatakiwa kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, wadhamini wanaojulikana, vyeti vya shule na cheti cha kupimwa afya. Mafunzo ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto yanakuongezea nafasi na mshahara. Ukitaka kujua kozi zipi zinatambulika kwa sasa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, awe wa Ilala, Temeke, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni. Usilipe ada ya chuo cha mtaani kabla hujamuuliza yeye.

Utasikia sana neno MMMAM, yaani malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Serikali ilizindua programu jumuishi ya taifa ya jambo hilo Desemba 2021, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Imejengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (kumwitikia mtoto anapoonyesha anahitaji kitu), fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Ukiulizwa kwenye usaili mtoto anahitaji nini, hayo matano ndiyo jibu, lakini uwe tayari kutoa mfano wa kila moja.

Huduma ya kwanza: nijue nini kabla sijaachiwa watoto?

Tafuta mafunzo ya vitendo, ya kupiga magoti na kufanyia mazoezi kwenye sanamu. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania ni mahali pazuri pa kuulizia. Kusoma hapa hakutoshi, lakini haya ndiyo yanayotokea mara nyingi.

*Kupaliwa.* Karanga, korosho, zabibu nzima, vipande vya miwa, na hasa mbegu za ubuyu. Ubuyu uko kila kona ya mji huu na kila mtoto anaupenda; mbegu yake ni ngumu, inateleza, na ina ukubwa wa kuziba njia ya hewa ya mtoto mdogo. Kwenye kituo changu hauingii getini. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimtie kidole kutafuta kitu usichokiona. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, na hajafikisha mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja, mgeuze, mbonyeze mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili, rudia. Aliyevuka mwaka hupigwa mgongoni vilevile, kisha hubonyezwa tumboni juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu. Wakati huo mwenzako anatafuta usafiri wa hospitali. Akilegea na kupoteza fahamu, anza kumfufua kama ulivyofundishwa kwenye sanamu.

*Kuungua.* Chai, uji, maji ya kuoga, jiko la mkaa. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kama bomba halitoi, tumia kata na ndoo, taratibu, bila kuacha. Usipake dawa ya meno, yai, asali, mafuta wala unga, hata bibi wa nyumba akisisitiza. Mjibu kwa heshima, "Bibi, tutapaka watakachotupa hospitali," huku ukiendelea kumwaga maji.

*Kunywa mafuta ya taa au dawa ya chooni.* Usimtapishe na usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na chupa aliyoinywa. Na tangu leo usihifadhi kitu cha namna hiyo kwenye chupa ya soda au ya maji.

*Degedege.* Mtoto mwenye homa kali anaweza kukakamaa, macho yakageuka, mwili ukatetemeka. Kwetu Pwani wapo wanaoamini hadi leo kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo wanaanza kwa mganga na mafusho. Imani hiyo inawachelewesha watoto, na malaria kali haisubiri. Mlaze kwa ubavu sakafuni, sogeza vitu vigumu, legeza nguo, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni na usimbane. Ikitulia, hospitali moja kwa moja akapimwe. Ikipita dakika 5 haijatulia, ondoka naye akiwa hivyohivyo.

*Kuharisha.* Choo cha maji kinamkausha mtoto haraka kwenye joto hili. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe bila kukadiria, kidogokidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukimwona macho yameingia ndani, analia bila machozi, au pampasi kavu kwa saa nyingi, usingoje mzazi atoke kazini. Mpigie akukute hospitali.

Chakula: mzazi analeta uji, mwingine analeta maziwa aliyokamua. Nifanyeje?

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, kwa hiyo mama wengi wanarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, na wewe ndiye utakayemsaidia mama huyo asikate tamaa ya kunyonyesha. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye joto la nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji. Dar ya Januari haina nyuzi 25, labda chumba chenye kiyoyozi. Yapeleke kwenye friji mara yanapofika, yaandike jina na saa, na umeme ukikatika tanguliza yaliyokaa zaidi. Pasha kwa kuweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto. Yaliyobaki kwenye chupa aliyonywea hayarudi kwenye friji.

Kuanzia miezi 6 anaongezewa vyakula. Kosa ninaloliona kila siku ni uji mwepesi kama maji ya mchele, mtoto anajaza tumbo bila kupata nguvu. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko. Ile michanganyiko ya unga wa lishe yenye nafaka na mbegu za kila aina sikubaliani nayo: mtoto akidhurika hujui kimemdhuru nini, na mahindi au karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu hubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Unga wa nafaka moja safi, kisha ongeza dagaa wa kusaga, maziwa, parachichi au mboga wakati wa kula.

Asali hapana kabla ya mwaka mmoja. Na usimlishe mtoto kwa kumbana pua. Anayefunga mdomo ameshasema.

Mtoto analia sana akiachwa asubuhi. Nimdanganye mama yake yupo chooni?

Usimdanganye. Mzazi asitoroke pia. Amuage waziwazi, kwa ufupi, aseme atarudi baada ya uji wa jioni, kisha aondoke kweli. Anayerudi mara tatu mlangoni kuchungulia anaanzisha kilio upya. Wewe mpokee mwilini, mwache alie akiwa amekuegemea, mtajie kinachomuuma: "Unamtaka mama. Mama ameenda kazini, atarudi." Khanga ya mama yenye harufu yake inasaidia kuliko kichezeo chochote. Kwa wengi kilio kinapungua ndani ya wiki chache. Kisipopungua, kaa na mzazi muangalie kuna nini.

Kuna mtoto anang'ata wenzake. Naruhusiwa kumchapa kidogo?

Hapana. Sheria ya Mtoto inasema wazi kwamba adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi sababu yake haina uhalali, na mtoto wa miaka miwili ni huyohuyo.

Kung'ata ni kawaida kati ya mwaka mmoja na mitatu. Hasira imejaa, maneno hana. Mtenganishe, mhudumie kwanza aliyeng'atwa, kisha mwambie mng'ataji maneno machache kwa sauti ya chini: "Kung'ata kunauma. Sema 'nipe'." Halafu fanya uchunguzi. Anang'ata saa ngapi? Karibu na nani? Mara nyingi utakuta ni saa tano, njaa imeanza, na vichezeo ni viwili kwa watoto sita. Ongeza vichezeo, wahisha uji, na meno yatatulia.

Wazazi wanataka watoto waongee Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kuungaunga.

Zungumza nao Kiswahili, kingi, kizuri, kutwa nzima. Mtoto mdogo anajifunza lugha kwa kuongeleshwa na kujibiwa, na lugha unayoimudu ndiyo utakayompa maneno ya kutosha. Unapomvalisha, taja: kifungo, tundu, mkono wa shati. Anapokuonyesha kunguru, mjibu, "Ndiyo, kunguru, ameiba mkate!" Kwa mzazi eleza kwamba mtoto aliyekomaa katika lugha moja ana pa kusimama anapoingia ya pili. Atakayekuja kufundisha Kiingereza aje anayekijua.

Vichezeo visikutie hofu pia. Vifuniko vikubwa visivyomezeka, maboksi, vikombe vya plastiki, mchanga na maji chini ya macho yako vinatosha.

Nimwambie mzazi kila kitu kilichotokea?

Kila kitu kinachomhusu mtoto wake, siku hiyohiyo, kabla hajagundua mwenyewe anapomwogesha. Hapa ndipo walezi wengi wazuri wanapoharibu, kwa kuogopa kufokewa. Wanasema "amekula vizuri" kumbe amekula vijiko vitatu, na usiku mama anashangaa mtoto halali. Sema vijiko vitatu.

Habari mbaya isemwe faragha, mzazi akiwa ameketi, si getini mbele ya wenzake: "Baba Neema, leo Neema alianguka kwenye ngazi saa nne. Amevimba hapa. Tulimwekea kitambaa cha maji baridi, hakutapika, amecheza na kulala kawaida. Usiku huu mwangalieni; akitapika au akisinzia kupita kawaida, mpelekeni hospitali." Saa, mahali, ulichofanya, cha kuangalia. Usimtaje mtoto wa mwingine aliyemsukuma.

Ukiona mtoto hajakaa mwenyewe miezi 9 imepita, au hageuki akiitwa, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, usimpe ugonjwa jina. Waeleze wazazi ulichokiona na uwashauri waende kliniki na kadi yake. Kwa mguu uliopinda tangu kuzaliwa au mdomo sungura, hospitali ya CCBRT pale Msasani wanahudumia. Mzazi akiambiwa mapema anashtuka, na anastahili muda wa kushtuka. Rudi kwake baada ya siku mbili tatu.

Bodaboda amekuja kumchukua mtoto, anasema ametumwa na mama. Nimpe?

Humpi, hata kama anajua jina la mtoto na la mama. Kila mtoto awe na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua, na picha zao. Asiyemo, mpigie mzazi kwa namba iliyo kwenye faili, si ile anayokupa aliyekuja. Mzazi asipopokea, mtoto anabaki.

Masika yakinyesha, Jangwani ikajaa maji na magari yakasimama, wazazi watachelewa na watamtuma yeyote. Siku hizo ndizo za kushika utaratibu kwa nguvu zaidi. Panga zamu ya mlezi wa kubaki, na chakula cha akiba kiwepo.

Nikihisi mtoto anafanyiwa ukatili nyumbani?

Usimhoji mtoto kama polisi na usimkabili mzazi peke yako. Mtoto akikuambia jambo, msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, usimwahidi kuficha. Andika maneno yake kama alivyoyasema, alama ulizoziona, tarehe na saa. Mweleze msimamizi, na taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure. Msimamizi akikuambia unyamaze kwa sababu mzazi ni mteja mzuri, piga wewe.

Naweza kuweka picha za watoto kwenye status?

Hapana, bila idhini ya maandishi ya mzazi. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, lakini hata isingekuwepo, uso wa mtoto pamoja na jina la kituo ni ramani kwa mtu mbaya.

Wanaume wanaajiriwa?

Wachache, na ningependa wawe wengi. Kanuni za ulinzi ni zilezile kwa wote: milango wazi, hakuna mlezi kujifungia na mtoto mmoja, kubadilisha nguo mahali ambapo mwenzako anaweza kuona.

Mkataba na malipo yakoje?

Dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Vituo vingi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Hesabu mwenyewe, siku sita za namna hiyo bila zamu ni zaidi ya sheria, na saa za ziada zinalipwa kwa kiwango cha juu. Kima cha chini hutangazwa na serikali kwa kila sekta, pamoja na wafanyakazi wa majumbani. Kiulizie ofisi ya kazi. Uliza pia kuhusu NSSF. Mlezi aliyechoka macho yake yamefumba hata yakiwa wazi, kwa hiyo kudai mapumziko ni sehemu ya usalama wa watoto.

Na wale mnaotafutiwa kazi za ndani mkiwa na miaka 12 au 13: sheria hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Mtoto asipewe mtoto amlee.

Nimeitwa siku za majaribio. Watapima nini?

Kama ni kituo makini, hawatakuuliza sana. Watakutazama unaponawa mikono: baada ya pampasi, kabla ya uji, kwa sabuni, bila kukumbushwa. Watatazama kama unachuchumaa kuongea na mtoto au unamwita kutoka ng'ambo ya chumba. Watatazama unalaza vichanga chali au kifudifudi (chali, bila mito). Watasikiliza unamwitaje mtoto anayejisaidia kwenye nguo.

Njoo na kucha fupi, viatu vya kuvua mlangoni, nguo unazoweza kukaa nazo kwenye mkeka, bila hereni ndefu. Usipojua kitu, uliza mbele ya watu. Nawe watazame wao vilevile: vyoo vyao, jiko lao liko wapi, watoto wanamkimbilia mlezi au wanamkimbia, na kama geti linafungwa.